Kipima unyevu cha mahindi: cha sindano au cha kikombe?

Msagaji mdogo wa Kitale, Bungoma au Nakuru anayenunua mahindi mlangoni anahitaji kipima unyevu kabla ya mashine mpya ya kufungia pakiti. Ubora wa unga huamuliwa pale gunia linaposhushwa. Yakishaingia ghalani mahindi mabichi, ukaguzi wa pakiti hauokoi kitu. Madukani kuna aina mbili, na hazilingani hata kidogo.

Cha sindano huchomwa moja kwa moja kwenye gunia na kutoa jibu papo hapo. Kasoro yake ni kwamba husoma pale tu ncha zilipogusa. Kinafaa kuchuja foleni ya magunia, si kuamua bei ya kununulia.

Cha kikombe ndicho cha kununua. Chota sampuli kwa bambo (chuma chenye mfereji cha kuchomea gunia), upepete vumbi na punje zilizovunjika, kwa sababu hubadilisha namna mahindi yanavyojipanga kikombeni na namba ikaanza kuyumba. Jaza hadi alama, chagua namba ya mahindi (wengi huiacha kwenye ngano), funga kifuniko, bonyeza. Mwaga, jaza upya, hadi mara 3, kisha chukua wastani.

Kifaa hiki hakioni maji yenyewe. Husoma mwenendo wa umeme kati ya punje na kukisia. Ndiyo maana mahindi yaliyotoka sasa hivi kwenye mashine ya kukaushia husoma chini kuliko hali halisi: ngozi imekauka, ndani bado. Yaliyonyeshewa njiani husoma juu. Fungia sampuli kwenye chombo kisichopitisha hewa, upime tena kesho yake.

Mtego mkubwa zaidi ni mahindi makavu yaliyochanganywa na mabichi. Wastani unaweza kuonyesha 13.4%, chini ya kikomo cha 13.5%, na punje mbichi bado zikaota ukungu. Kwa hiyo pima juu, kati na chini ya gunia, kila sehemu peke yake. Tofauti ikizidi 1%, lirudishwe au lianikwe upya kwenye turubai.

Hesabu yenyewe inatosha kumshawishi mwenye shaka: gunia la kilo 90 lenye unyevu wa 18%, likikaushwa hadi 13.5%, hubaki kama kilo 85.3. Asiyepima amelipia karibu kilo 4.7 za maji.

Kifaa nacho huteleza, hasa betri ikichoka. Weka chupa iliyofungwa kabisa yenye mahindi makavu, uyapime kila asubuhi na kuchora namba kwenye grafu ukutani. Ndiyo njia aliyoianzisha Walter Shewhart, mtaalamu wa Kimarekani wa udhibiti wa ubora viwandani, mwaka 1924, na haihitaji kompyuta. Namba zikianza kupanda au kushuka mfululizo, simamisha ununuzi, ukague kifaa kabla ya kumlaumu mkulima.

Jambo moja kisiloliweza: hakionyeshi aflatoksini, sumu inayotokana na ukungu. Mahindi makavu leo yanaweza kuwa yalipata sumu yakiwa bado shambani, na kupika ugali hakuiondoi. Kipimo chake ni kingine, na kikomo ni mikrogramu 10 kwa kilo.

Kabla ya kulipa, dai matokeo ya kifaa yakilinganishwa na tanuri la maabara: gramu 15 za punje nzima, nyuzi 103 za Selsiasi, saa 72. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha ulinganisho huo, mwachie kifaa chake.