Kutibu boriti na makombamoyo kwa dawa ya boroni: uzoefu wangu Lamu

Nyumba yetu iko Mkomani, ndani ya Mji wa Kale. Ni nyumba ya matumbawe na chokaa, dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na juu kabisa kuna paa la makuti lililosimama kwenye nguzo na makombamoyo, yaani miti inayobeba makuti, ya mvinje. Makombamoyo hayo yalipoanza kumwaga unga sakafuni, nikaelekezwa kwa fundi anayetibu miti kwa dawa ya boroni. Kazi yake imeshapita masika, kwa hiyo nasema nikiwa na hakika: imefaa, na ningemwita tena. Ila atakayenunua dawa hii akidhani ndiyo tiba nzima, pesa yake itapotea.

Kilichonipendeza kwanza ni kwamba hakuja kuuza ndoo. Alipanda na nyundo ndogo na bisibisi, akagonga kila boriti kutoka kichwa hadi kichwa. Mti mzima hulia. Ulioliwa hujibu kwa sauti tupu. Kisha akachukua unga uliodondoka akausugua kiganjani. Ukiwa laini kabisa, huyo ni dumuzi, mdudu anayetoboa mbao. Zikiwa chembe ndogo ngumu zinazokwaruza, ni mchwa wa mbao kavu, ambaye huishi ndani ya mti wenyewe bila kuhitaji udongo. Mchwa wa ardhini ana alama yake, njia za matope zinazopanda ukutani. Mafundi wengi hupaka dawa moja kwa wote bila kutazama. Kwetu alikuta dumuzi kwenye makombamoyo, na kwenye dari hakukuta mdudu yeyote. Huko tatizo lilikuwa kuoza, tena kwa boriti za upande mmoja tu, pale vichwa vyake vinapozama ukutani.

Hapa ndipo alipostahiki malipo yake. Ukuta wa matumbawe hunywa maji, na chumvi iliyomo huvuta unyevu hata siku isiyo na mvua. Chokaa huuacha unyevu huo utoke. Aliyeifanyia nyumba ukarabati kabla hatujaihamia alipiga lipu ya saruji upande wa nje, kama wanavyofanya wengi siku hizi kwa sababu saruji hukauka haraka na huonekana imara. Maji yakaingia kwenye nyufa, yakakosa pa kutokea, yakaishia kwenye vichwa vya boriti. Nilikuwa nataka apake dawa siku ile ile. Akaniambia kwa Kiamu, "Mai kwanda, dada. Dawa baadae," yaani tumalize maji kwanza. Ikabidi saruji ibanduliwe, ukuta upigwe lipu ya chokaa, na tungoje ukauke.

Nilimuuliza kama si hewa ya Lamu yenyewe inayoozesha, maana hapa hata chumvi ya mezani huloa. Akakataa, na ninamkubali. Kuvu wanaoozesha mti hawashiki kama unyevu wa ndani ya mti uko chini ya asilimia 20, na mti ulio kivulini unaopata upepo hukaa chini ya hapo hata hewa ikiwa nzito. Ndiyo maana mjini kuna nyumba za karne ya 18 ambazo dari zake zingali zimesimama. Mti unaooza ni ule unaoloweshwa na maji yenyewe: tundu kwenye makuti, mfereji ulioziba, ukuta usiopumua.

Dawa ni unga mweupe, chumvi ya boroni, unaoyeyushwa kwa maji ya uvuguvugu. Husafiri ndani ya mti kwa kufuata unyevu, kwa hiyo makombamoyo yaliyokauka sana aliyanyunyizia maji kidogo kwanza, akapaka kwa brashi, akarudia kabla hayajakauka. Kwenye vichwa vya boriti alitoboa matundu ya mshazari karibu na ukuta, akamimina dawa, akayaziba kwa vijiti. Boriti moja ilikuwa imekwisha, tukaibadilisha kwa nyingine ya mkoko iliyobanduliwa gome. Usikubali boriti yenye gome, maana chini yake wadudu hupata pa kuanzia. Nunua pia kwa mwenye kibali cha Huduma ya Misitu.

Dawa haina harufu, na hilo kwangu ni kubwa. Majirani kadhaa hupaka oili chafu ya injini. Hunuka kwa muda mrefu, hudondokea nguo, hushika moto kirahisi, na makuti yetu hayahitaji msaada wa kuwaka. Wanaokinga maji ya mvua kutoka paani huiteremsha kwenye tangi lao la kunywa. Boroni nayo si kitu cha kuchezea: alivaa glavu, tukafunika tangi na vyombo vyote, watoto wakakaa kwa bibi yao mpaka miti ikakauka.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba mvua huiosha. Haigandi ndani ya mti. Kwa hiyo nguzo za nje na ncha za makombamoyo zinazopigwa na kusi hakuzipaka, akanieleza wazi kwamba angekuwa ananiibia. Kwa hizo alishauri makuti yashushwe zaidi kufunika ncha, na nguzo zikalishwe juu ya jiwe zisiguse sakafu inayotuama maji. Nilipendekeza vanishi, akakataa: jua la hapa huipasua, maji hupita kwenye ufa na kubaki nyuma yake. Sifa, yaani mafuta ya samaki yanayopakwa majahazi, hulinda, lakini hutaka kurudiwa kila mara, na sidhani kuna mtu atakayelala chini ya harufu ile. Misumari alibadilisha ile ya chuma kitupu iliyokuwa imelika kwa chumvi ya bahari, akatumia iliyochovywa zinki.

Yasiyonifurahisha yapo. Miti ilipokauka ilitoa ukungu mweupe wa chumvi, nikaufuta kwa kitambaa kibichi. Angeniambia mapema nisingeshtuka. Bei alihesabu kwa kila boriti, lakini kutoboa vichwa kukawa na hesabu yake peke yake, nikajua kazi ikiwa imeshaanza. Ulizeni hilo kabla. Na ilinibidi niombe nionyeshwe pakiti ya dawa na kipimo alichochanganya. Nadhani kila mteja aonyeshwe bila kuomba, maana dawa iliyozimuliwa sana ni maji tu.

Tangu hapo natandaza kitambaa cheusi chini ya paa kuona kama kuna unga mpya. Masika yote kimekuwa safi, isipokuwa chini ya kombamoyo moja la pembeni. Alirudi akalitibu upya bila malipo. Vichwa vya boriti vimekuwa vikavu, ingawa kwa hilo nasifu chokaa zaidi kuliko dawa.

Kama ukuta wako una saruji, mtafute fundi wa chokaa kabla ya huyu. Ukiwa ndani ya Mji wa Kale, pitia kwanza kwa watu wa Makumbusho ya Taifa wanaosimamia uhifadhi, kwa sababu tangu kabla mji haujaingia orodha ya UNESCO mwaka 2001 kumekuwa na utaratibu wa kugusa nyumba hizi, nao hujua nani anaweza kupiga chokaa ikashika. Wakati mzuri ni kaskazi, Januari hadi Machi, kuta zikiwa zimekauka na mvua iko mbali. Mimi nimeshaweka ahadi naye kaskazi ijayo kwa paa la jiko, ambalo makombamoyo yake ni ya mvinje ule ule.