Uzoefu wangu: nyumba ndogo ya wageni Orvieto, na barua iliyoninyima usingizi

Haya ni maoni ninayoyaandika kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza niliyaandika kwenye simu nikiwa Dar es Salaam, kabla sijaiona nyumba yenyewe, nikaipa nyota moja, kisha nikayafuta. Mara ya pili niliyaandika nikiwa nimelala ndani ya nyumba hiyo hiyo, nikaipa nyota tano, asubuhi ya kuondoka nikayafuta tena. Sitaeleza ukubwa wa chumba, wala mandhari ya dirishani, wala umbali wa kwenda kanisa kuu, kwa kuwa hayo yote yamo katika tangazo lao na ni ya kweli. Nataka kueleza jambo moja ambalo halimo katika tangazo.

Tulichagua Orvieto, mji mdogo wa Italia, kwa ajili ya Mama. Yeye ni mwana-WAWATA, yaani wa umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, wa miaka mingi, na tangu utoto wangu nimemwona akitandaza kanga na maua katika njia ya maandamano ya Ekaristi. Kwa mujibu wa mapokeo ya Kanisa, mwaka 1263 padre mmoja aliyekuwa na mashaka aliadhimisha misa huko Bolsena, hostia, yaani mkate wa Ekaristi, ikatoa damu juu ya kitambaa cha altare, na kitambaa hicho kikapelekwa Orvieto alikokuwa akikaa Papa Urbano wa Nne. Mwaka uliofuata Papa huyo, akiwa huko huko, aliitangaza sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo kwa Kanisa lote. Kitambaa kinatunzwa hadi leo katika kanisa kuu la mji huo, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1290. Mama alipostaafu ualimu alisema kwamba Roma ataiona akijaliwa, lakini kitambaa kile lazima akione kabla macho hayajaisha nguvu. Nikaona hoteli kubwa haitamfaa, kwa sababu hapendi mahali ambapo mtu huamka asubuhi na kukosa wa kumwamkia. Ndipo nikatafuta nyumba ya mtu, yenye vyumba vichache na kifungua kinywa, zile ambazo Waitalia wenyewe huziita B&B.

Anayeomba viza ya Schengen, ile ya kuingia Italia na nchi nyingi za Ulaya, hutakiwa kuonyesha atalala wapi kila usiku, pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki na mpango wa tiketi ya kwenda na kurudi, na mtu mzima hulipa ada ya euro 90 ambayo hairudishwi hata akinyimwa. Uthibitisho uliotoka kwenye tovuti ulikuwa na jina langu peke yangu. Mama aliandikwa tu kuwa mtu mzima wa pili. Nikamwandikia mwenye nyumba, kwa heshima zote, nikimwomba barua fupi yenye majina yetu mawili kama yalivyo katika pasipoti, tarehe za kulala, anwani ya nyumba na saini yake. Nilimweleza pia sababu ya safari, nikataja hata kitambaa, nikidhani kwamba mtu wa Orvieto angefurahi kusikia kuwa mwanamke wa mbali anaujua mji wake kwa jambo hilo.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Halikuwa na salamu. Liliandikwa kwa Kiingereza ambacho bila shaka kilitafsiriwa na mashine, na maana yake ilikuwa hii: «Wageni wa kwenu huomba barua, wakishapata viza huwaoni tena. Lipa zote kwanza.»

Niliisoma sentensi ile nikiwa ofisini, nikaifunga, nikaifungua tena. Kulipa mapema hakukuniudhi, kwa kuwa nyumba ni yake na anayo haki ya kujilinda. Kilichonichoma ni lile neno «wa kwenu». Mimi sikuwa nimefuta chumba chochote, wala Mama, ambaye hata deni la duka hulipa kabla ya mwisho wa mwezi. Nakiri kwamba wapo watu wanaoweka nafasi ya kulala ili tu kupata karatasi ya ubalozini kisha wakaifuta, na wapo hata wanaowafundisha wengine kufanya hivyo. Najua kwamba mwenye nyumba ya vyumba vichache akifutiwa chumba katika wiki ya msimu hupoteza fedha ambazo hoteli kubwa isingezihisi. Hayo yote nayajua, na bado nilipofika nyumbani jioni ile nilishindwa kumsomea Mama jibu lile. Nilimwambia kwamba barua inakuja.

Kabla ya kutuma fedha nami nilimchunguza. Tangu 1 Januari 2025 nyumba za namna hii nchini Italia hutakiwa kuwa na namba ya utambulisho ya kitaifa, inayoitwa CIN, na kuiweka katika matangazo na nje ya jengo. Niliitafuta, nikaikuta, nikainakili. Mtu anaweza kusema kwamba tulikuwa tumelingana, yeye akinishuku mimi na mimi nikimshuku yeye. Nimelifikiria hilo mara nyingi na silikubali, kwa sababu mimi nilikagua nyumba yake moja, sikumwandikia kwamba Waitalia wa kwao ni matapeli.

Kisha yakaja ya benki. Nilituma kiasi chote kutoka akaunti yangu, na benki nyingine iliyozipitisha fedha ikakata gharama zake njiani, kwa hiyo fedha zikafika zikiwa pungufu kwa euro chache. Yeyote atakayetuma fedha Ulaya kwa njia hiyo aiambie benki yake mapema kwamba mtumaji atabeba gharama zote, vinginevyo atapata aibu niliyoipata mimi. Mwenye nyumba aliniandikia kwamba kiasi hakijatimia na barua haitatoka mpaka kitimie. Siku ya miadi ya viza ilikuwa imekaribia. Nilituma mara ya pili kiasi ambacho gharama ya kukituma ilikuwa kubwa kuliko chenyewe. Barua ikaingia usiku wa kuamkia miadi, na jina la Mama lilikuwa limekosewa herufi moja. Usiku ule nilimchukia mwanamke ambaye sijawahi kuuona uso wake, nami si mtu wa chuki. Nilimwandikia sentensi moja tu kama alivyoniandikia yeye: «Jina la mama yangu limekosewa.» Kwa haki, niseme kwamba lilirekebishwa ndani ya dakika kumi, ingawa kule kwao ilikuwa karibu saa sita ya usiku.

Viza tulipata. Tulitua Roma siku ya mgomo wa treni. Kule mgomo hutangazwa mapema, nami sikuwa nimeangalia; na siku za kazi treni za mikoani huhakikishiwa kuwapo kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, kisha kati ya saa kumi na mbili jioni na saa tatu usiku. Tulikaa kituo cha Termini tangu mchana mpaka jioni, Mama akiwa ameketi juu ya begi, rozari mkononi, bila kulalamika hata mara moja, jambo ambalo lilinifanya nijisikie vibaya zaidi. Mwisho wa kupokea wageni katika nyumba ile ni saa moja jioni, na tangazo linasema hivyo kwa herufi nzito. Nilituma ujumbe wa kueleza, huku nikishawishika kabisa kwamba mtu aliyegoma kwa ajili ya euro chache asingetufungulia mlango.

Tulifika Orvieto karibu saa tatu usiku. Mji wenyewe uko juu ya mwamba wa volkano, kituo cha treni kiko bondeni, na ile treni ndogo inayovutwa kwa kamba ya chuma kupandisha abiria ilikuwa imemaliza kazi ya siku. Nje ya kituo alikuwa amesimama mwanamke wa rika la Mama, amevaa sweta lililovaliwa kwa haraka, ameshika karatasi yenye jina la Mama. Si langu, la Mama, na herufi zote zilikuwa sahihi. Alilichukua begi la Mama kutoka mkononi mwangu, akaliweka katika gari dogo, akatupandisha mjini kimya. Mlangoni, chini ya taa, niliiona ile namba niliyoinakili Dar es Salaam.

Kabla ya kutupa ufunguo aliomba pasipoti. Damu ilinichemka upya. Nikamwuliza, kwa sauti ambayo Mama aliisikia na kunigusa mkono, kama bado alikuwa akitushuku hata tukiwa tumesimama mbele yake. Hakunijibu. Alifungua daftari la mezani na kunionyesha kwa kidole safu ya wageni wa siku ile, ambao wote walikuwa Waitalia, na nakala za vitambulisho vyao zilikuwa pale pale. Sheria ya Italia humtaka kila mwenye nyumba ya wageni kupeleka polisi taarifa za kila anayelala kwake ndani ya saa 24, awe mwenyeji au mgeni. Pale mimi ndiye niliyekosea, na nililala nikiona haya.

Sasa niseme mazuri, kwa kuwa ni mengi na ni ya kweli. Waitalia wengi hupenda vitamu asubuhi, na siku ya kwanza tuliandaliwa keki, jamu ya tini, mikate laini ya siagi na kahawa. Mama alikula kidogo sana, akashukuru. Siku ya pili mwenye nyumba alikuwa amepika mayai bila kuombwa. Mama akapanda chumbani, akateremka na paketi ya majani ya chai na tangawizi aliyokuwa ameibeba kama zawadi, akaingia jikoni kama anavyoingia jikoni kwa dada yake. Nilipowafuata niliwakuta wamesimama mbele ya sufuria moja, maziwa yanapanda, mmoja akizungumza Kiswahili na mwingine Kiitalia, na hakuna aliyekuwa akinihitaji. Baada ya chai alimpeleka Mama kanisani yeye mwenyewe, mpaka katika kikanisa cha pembeni kinamotunzwa kitambaa, akapiga magoti naye. Mimi nilibaki nyuma. Mama alilia, na yule mwanamke alimshika begani hadi alipotulia. Katika maisha yangu sijapata huduma ya namna hiyo katika nyumba yoyote ya kulipia, na usiku ule ndipo nilipoandika nyota tano.

Asubuhi ya kuondoka nilikwenda kulipa kodi ya ukaaji ya mji, ambayo hutozwa kila mtu kwa kila usiku na haikuwamo katika bei niliyolipa awali, kwa hiyo ni vyema kubakiza fedha taslimu. Alinipa stakabadhi. Mama alikuwa bado juu akifunga mabegi. Nikamwuliza kwa upole, kwa msaada wa simu, kwa nini aliniandikia maneno yale.

Nilitegemea kwamba angekuwa ameyasahau, au angesema kwamba mashine ilitafsiri vibaya, na nilikuwa tayari kabisa kuupokea udhuru huo. Hakusema hivyo. Alisema kwamba katika msimu mmoja alifutiwa vyumba mara tatu na watu aliowapa barua, na kwamba tangu hapo anamwandikia kila mtu wa huko vile vile. Kisha akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akatabasamu kwa wema usio na shaka yoyote, akasema: «Lakini ninyi si kama wao.»

Alinikusudia heri. Nilimtazama usoni na nikaona wazi kwamba alinikusudia heri, na sikuweza kusema neno. Laiti angeniomba radhi ningekuwa nimemaliza. Sasa kila nikitaka kuandika nyota tano namkumbuka mtu mwingine, labda mwalimu mstaafu wa Songea au Bukoba, ambaye hajafuta chumba cha mtu, akiwa ameketi ofisini kwake anafungua jibu lile lile lisilo na salamu, na hatapata nafasi ya kusimama na mwenye nyumba mbele ya sufuria ya chai ili aondolewe katika hesabu ya «wao». Na kila nikitaka kuandika nyota moja namwona mwanamke yule kituoni usiku, na karatasi yenye jina la mama yangu.

Kwa anayeniuliza kama aende, jana ningesema asiende, na leo asubuhi nilimwambia mfanyakazi mwenzangu aende, ila alipe yote mapema na asisome sana majibu. Nilipomaliza kulisema hilo nilijikasirikia, maana kwa nini asisome?

Mama hajui lolote kuhusu barua ile, na anamwita yule mwanamke dada. Wanatumiana picha za maua. Amekwisha kuwaeleza wenzake wa WAWATA kwamba Orvieto huwa na maandamano makubwa ya sikukuu ile ile, ambamo kitambaa hutolewa na kupitishwa mjini, na wanawake sita wameanza kuweka akiba. Juzi alinipigia simu akaniambia: «Mwanangu, wewe ndiye unayemjua kwa barua. Mwandikie akufanyie moja yenye majina yote sita.»

Majina ameshanitumia, pamoja na namba za pasipoti. Barua hiyo sijaiandika.