Kisu cha kuwindia kilichofuliwa Mamba, Marangu

Wahunzi wa Mamba, karibu na Marangu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wanajulikana zaidi kwa mikuki ya Wamasai, lakini ukimwendea mmoja wao na mchoro unaoeleweka atakufulia kisu cha kuwindia kinachostahili kupimwa kwa viwango vilevile tunavyopimia visu vya Ulaya na Marekani. Kazi yangu ni kuchuna wanyama katika kitalu cha uwindaji wa leseni, na kisu ninachokieleza hapa nimekitumia msimu mzima kwa swala pala, pofu na nyati.

Kimefuliwa kutokana na springi ya Land Rover. Springi haichaguliwi kwa sababu ya urahisi wa bei peke yake, kwani chuma cha aina hiyo kwa kawaida huwa na kaboni ya takriban asilimia 0.6 na kromiamu kidogo, hivyo hushika makali vizuri na bado hunyumbulika kikigonga mfupa. Hatari iliyopo ni kwamba springi iliyobeba mizigo kwa miaka mingi inaweza kuwa na ufa usioonekana kwa macho. Mhunzi alikining'iniza kila kipande, akakigonga na kusikiliza mlio wake, na kile cha kwanza alikikataa.

Ninachokisifu hasa ni jinsi moto ulivyosimamiwa. Kibanda huachwa na kivuli kizito kwa makusudi, maana rangi ya chuma haisomeki juani. Chuma kilipokaribia wekundu unaoelekea rangi ya machungwa, mivukuto ilipunguzwa kasi na kisu kikajaribiwa kwa sumaku. Chuma huacha kuvutwa na sumaku kwenye nyuzi joto 770 hivi, na kuanzia hapo huhitaji moto kidogo tu zaidi kabla ya kuzamishwa kwenye mafuta. Maji hupoza kwa ghafla mno na yangeweza kukipasua. Tupa ilipopitishwa kwenye makali iliteleza bila kuacha alama, ishara kwamba chuma kimekuwa kigumu. Kisha ikafuata hatua ambayo wahunzi wenye haraka huiruka, nayo ni kukipasha kisu upya, polepole, mpaka rangi ya manjano kama ya nyasi kavu itambae juu ya sehemu iliyong'arishwa. Kisu kisichopitia hatua hiyo huwa kikali sana siku ya kwanza, kisha humeguka ncha kwenye kiungo cha kwanza cha nyati.

Umbo nililoliagiza ni lile lililoenezwa na Bob Loveless, mtengenezaji visu wa Marekani aliyefariki mwaka 2010, ambapo mgongo wa kisu hushuka taratibu hadi ncha ikawa karibu na katikati ya bapa. Faida yake unaiona unapopasua tumbo la mnyama: ncha haichomi utumbo wala kibofu, na nyama haiharibiki. Bapa lina urefu wa sentimita 10, nao unatosha kabisa. Wanaoagiza visu virefu kama majambia hawajawahi kuchuna shingo ya pofu. Makali ya mwanzo yalikuwa laini kidogo, jambo la kawaida kwa kisu cha kufua kwa sababu moto hula kaboni ya juu juu, lakini baada ya kunolewa mara chache kwenye kinoo yalitulia, na sasa swala mzima humalizika bila kunoa tena.

Udhaifu uko kwenye mpini. Mti uliotumika haukuwa umekauka sawasawa, ukasinyaa, na ribiti, yaani pini zinazoshikilia mpini, zikaanza kukwaruza kiganja, kwa hiyo nilibadilisha nikaweka mpingo, ambao ni mzito, haunyonyi damu na hauhitaji vanishi. Ala nayo ilikuwa ya ngozi nyembamba mno. Tena chuma hiki hupata kutu: kisu kikilala na damu usiku mmoja, asubuhi utakuta madoa, hivyo kioshe, kikaushe, kipake mafuta, wala usikihifadhi ndani ya ala.

Kwa anayetaka kuagiza, nenda na mpini wako wa mpingo uliokauka, sisitiza kwamba chuma kiwe kimoja kuanzia ncha hadi mwisho wa mpini, na omba tupa ipitishwe kwenye makali mbele yako kabla hujalipa.