Kitalu cha njia ya Kibosho: mbegu safi, maelezo sifuri

Mwezi wa tatu nilipita kitalu kimoja njia ya Kibosho, jina naliacha maana yule kaka sio mtu mbaya, nimefata mche wa parachichi nikatoka na viazi vikuu vitatu vya ile aina inayozaa juu, yaani viazi vinaning'inia pale jani linapoungana na shina kama popo wamelala, buku mbili kila kimoja. Kaniambia "dada chimbia tu, miezi mitatu unakula". Miezi mitatu jamani!

Kuota vimeota vyote, hapo simdai. Majani umbo la moyo, makubwa kuliko kiganja changu, na kamba yake inapanda huku inajizungusha, nilikuwa nimeiwekea mti mmoja wa mita mbili nikijua inatosha, mwezi wa sita ishapita bati ikarukia mparachichi wa jirani mpaka nikaenda kuomba radhi. Viazi sasa, hamna. Mwezi wa nane ndo vikaanza kutokeza, kama gololi, vikaja kufika ngumi, halafu ghafla majani yakawa njano shina likakauka. Nampigia kaka simu inaita tuu. Nimeshashika jembe nifukue nione kimeoza nini, mama mkwe akacheka, "Mwanangu hicho kimelala, ukifukua saa hizi mwakani utakula nini?" Kumbe ndo tabia yake, kiangazi kinalala chini mvua zikirudi kinaamka. Sasa hili si la kumwambia mteja jamani?

Niliokota 23 chini. Ganda kahawia lina vipele, ukimenya kuna utelezi, ndani njano. Nikachemsha na chumvi, chai ya rangi pembeni, kigumu kidogo kuliko gimbi ila kitamu, kauchungu kwa mbali kanabaki kooni. Na kaka hakusema pia kwamba vya porini vinavyofanana hivi vipo vyenye sumu, usije ukaokota huko ukapika.

Halafu naskia Florida kule Marekani mmea huu ulipelekwa 1905 sa hivi ni gugu limewashinda, wameachia mpaka wadudu wale majani yake. Naamini kabisa.

Nyota 3, zote za mbegu. Vilivyonipita kuokota vimeshachipua nyuma ya banda la kuku, na yule jirani wa parachichi juzi kaja kuomba mbegu, nimempa viwili na muda halisi nimemwambia.