Spika ndogo za rafuni: nguvu yake imo kwenye kasha

Wanunuzi wengi wa spika hutazama kwanza wati zilizoandikwa nyuma ya kasha. Jozi hii ndogo, yenye wufa (kipaza sauti cha sauti nzito) ya milimita 130 na twita (cha sauti nyembamba) ya milimita 25, ni ushahidi kwamba tarakimu hiyo husema machache. Ndani ya wufa, umeme kutoka kwenye amplifaya hupita katika koili, yaani waya uliozungushwa, iliyo ndani ya uga wa sumaku; kila umeme unapobadili mwelekeo, koili husukumwa mbele au kuvutwa nyuma pamoja na koni, kiwambo chenye umbo la faneli kilichobandikwa kwake, na hewa hutikisika. Muundo huo haujabadilika sana tangu Chester Rice na Edward Kellogg walipoueleza nchini Marekani mwaka 1925, na hadi leo sehemu kubwa ya umeme huishia kuwa joto tu. Kwa hiyo mimi hutazama unyeti, yaani ukubwa wa sauti ambayo spika hutoa kwa umeme uleule: hizi zimeandikwa desibeli 86 kwa wati 1, umbali wa mita 1, kiwango cha wastani, na kila nyongeza ya desibeli 3 hudai wati maradufu.

Sifa yake kubwa ni kasha. Koni inaposukuma hewa ya mbele huivuta ile ya nyuma, na mawimbi hayo mawili yakiachwa yakutane, besi hufutika. Mbao za kasha hili ni nzito na zimekazwa kwa mihimili ya ndani, hata ukiligonga ubavuni halivumi kama debe tupu. Sauti ya mwimbaji, na zaidi ya msomaji wa habari, hutoka safi, na mahali ambapo wufa huipokeza twita, karibu na hezi 2,500 (mitikisiko 2,500 kwa sekunde), sikuweza kupatambua kwa sikio.

Tundu lililo nyuma sikulipenda. Hutumia hewa ya ndani kuipa besi nguvu, na kushuka hadi karibu hezi 55 hufanya hivyo vizuri. Chini ya hapo hewa hiyo haiizuii tena koni, ambayo huyumba sana bila kutoa sauti ya maana, huku tundu lenyewe likipuliza kwa kelele. Spika zikikaribia ukuta, besi huvimba na kufunika maneno. Nafasi ya nusu mita hupunguza tatizo, lakini rafu gani ina nafasi hiyo? Afadhali mtengenezaji angeliweka tundu mbele. Mpenzi wa midundo mizito aongeze sabufa, spika ya pekee ya besi. Kwa mazungumzo, gitaa na kwaya, jozi hii inatosha.