Pan's Labyrinth kwenye diski: mtazame Doug Jones ndani ya mpira na pembe

Katika filamu hii mwigizaji mmoja anacheza viumbe wawili, na uso wake hauonekani hata mara moja. Sauti inayosikika si yake. Sehemu ya chini ya miguu tunayoiona si yake. Lugha inayozungumzwa hakuijua alipopewa kazi. Lakini mtoe Doug Jones, na kinachobaki ni hadithi ya vita tu. Ndiyo maana tathmini hii inaacha mambo mengine mengi na kukaa na yeye.

Kwa ambaye hajaitazama: Pan's Labyrinth ni filamu ya Kihispania ya mwongozaji Guillermo del Toro, ilitoka mwaka 2006 na ina urefu wa dakika 119. Ni Hispania ya mwaka 1944, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimekwisha lakini waasi bado wako msituni. Binti aitwaye Ofelia, anayechezwa na Ivana Baquero, anahamia huko na mama yake mjamzito, kwa baba wa kambo ambaye ni kapteni wa jeshi na katili kupindukia. Jirani na kambi kuna mzingile wa mawe wa kale, na chini ya shimo lililo katikati yake anaishi fauni, kiumbe mwenye pembe za kondoo dume na miguu ya mbuzi. Fauni anampa Ofelia kazi tatu. Ya pili inampeleka kwenye ukumbi wa zimwi linalokula watoto, lile ambalo mashabiki wanaliita Pale Man. Fauni na zimwi, wote ni Jones.

Jones alizaliwa Indianapolis, Marekani, mwaka 1960. Ana urefu wa takriban mita 1.92, ni mwembamba mno, na alijifunza uigizaji usio na maneno tangu akiwa Chuo Kikuu cha Ball State. Del Toro alikuwa ameshafanya naye kazi katika filamu zake za Mimic na Hellboy, kwa hiyo alijua anamwita nani. Mtu mnene huwezi kumwongezea tabaka za mpira akabaki na umbo la kiumbe. Mwembamba unamjenga juu yake utakavyo. Lakini wembamba peke yake haumpi mtu kazi hii.

Umbo la fauni lilitengenezwa na DDT Efectos Especiales, karakana ya Barcelona ya David Martí na Montse Ribé. Kazi za namna hii huanza kwa kuchukua nakala ya mwili wa mwigizaji, kisha umbo la kiumbe hufinyangwa juu ya nakala hiyo, hutolewa kalibu, na humo humiminwa mpira wa maji uliopigwa hadi ukawa povu. Povu huokwa katika joko hadi likauke na kuwa laini mithili ya sifongo, halafu hupakwa rangi. Vipande vya usoni hubandikwa kwa gundi moja kwa moja kwenye ngozi, na kingo zake hufanywa nyembamba kama karatasi ili zisionekane. Hapo ndipo kuna tabu. Kingo hizo huchanika zinapobanduliwa jioni, kwa hiyo kesho yake hubandikwa vipande vipya. Jasho likipenya chini ya gundi, kingo huinuka, na kamera huona. Filamu ilipigwa katikati ya mwaka 2005, katika misonobari ya safu ya Guadarrama, yaani kiangazi cha Hispania. Mwigizaji anayehangaika ndani ya povu anatoka jasho zaidi. Anayejua kutulia anaokoa kazi ya saa nyingi.

Na saa zilikuwa nyingi kweli: tano kila siku kabla ya kamera kuwashwa. Kilichofungwa mwisho ni pembe, zenye uzito wa takriban kilo 4.5. Kilo hizo ukizibeba mkononi si kitu. Ziweke juu ya utosi, zikiwa zimechomoza kwenda pembeni na nyuma, kisha uinamishe kichwa: uzito unaondoka kwenye uti wa mgongo na misuli ya shingo inaubeba peke yake. Sasa angalia fauni anavyoishi. Muda wote anainamisha kichwa, anakigeuza upande, anamchungulia msichana kutoka chini. Ukitazama kwa makini utaona shingo haifanyi kazi peke yake. Mgeuko unaanzia kiunoni, unapanda kifuani, na pembe zinafika mwisho. Mtu asiyejua angesema ni madaha ya kiumbe wa kale. Ni madaha, na papo hapo ni njia ya kuilinda shingo.

Miguu ndiyo sehemu iliyobuniwa kwa akili nyingi zaidi. Jones alisimama juu ya vikanyagio vya kimo cha sentimita 20 hivi, na miguu ya mbuzi ikaunganishwa na miguu yake. Baadaye sehemu ya chini ya miguu yake halisi ikafutwa kwa kompyuta, ikabaki ile ya mbuzi. Maana yake kila hatua unayoiona imekanyagwa na mtu kweli. Goti la mbuzi linakunjika kwa sababu goti la Jones limekunjika, na uzito unatua pale mwili ulipotua. Miguu inayochorwa yote kwa kompyuta mara nyingi huteleza juu ya ardhi. Ya fauni inakanyaga. Gharama yake ilikuwa kwa mwigizaji: kutembea kama aliye kwenye mironjo, gizani, juu ya mawe, na pembe kichwani, bila kutazama chini.

Usoni kulikuwa na mota ndogo zilizochezesha masikio na kufumba macho. Ziliendeshwa kwa rimoti na Martí mwenyewe pamoja na Xavi Bastida, wakiwa kando ya kamera. Kwa hiyo uso mmoja ulichezwa na watu watatu, na iliwabidi kupumua pamoja. Sikio likitikisika kabla ya jicho kugeuka, kiumbe amekufa na kimebaki kinyago. Hilo halitokei. Sehemu iliyobaki mikononi mwa Jones usoni ilikuwa midomo, na midomo ndiyo inayotuleta kwenye jambo kubwa kuliko yote.

Jones alikuwa Mmarekani pekee kwenye seti na peke yake ndiye asiyejua Kihispania. Fauni ana maneno mengi, tena ya fahari, ya namna ya mzee wa kale anayehutubia binti mfalme. Ilijulikana kwamba sauti yake ingeweza kubadilishwa baadaye, kwa hiyo angeweza kuchezesha midomo tu. Hakufanya hivyo. Alizitumia zile saa tano za kubandikwa mpira kujifunza mistari yake, neno kwa neno. Kisha likazuka tatizo la pili: mota za kichwani zilipiga kelele masikioni mwake kiasi kwamba hakumsikia Ofelia akiongea. Mwigizaji asiyemsikia mwenzake hajui zamu yake inafika lini. Dawa aliyoipata ni kukariri pia mistari ya Ivana Baquero, katika lugha ileile asiyoijua, ili afuatishe midomo ya mtoto na kujua sentensi imefika wapi.

Hapo ndipo bidii ya mtu huyu inapojitenga na zile habari tulizozoea za waigizaji, fulani amepunguza kilo kadhaa, mwingine amelala nje kwenye baridi. Kuvumilia maumivu ni jambo moja. Vazi hili lilimnyang'anya kusikia na likamharibia mwendo, naye akazijaza nafasi hizo kwa kumbukumbu. Hatimaye del Toro alimchukua Pablo Adán, mwigizaji wa jukwaani mwenye sauti ya mamlaka, akaingiza sauti ya fauni. Je, kazi ya Jones ilipotea? Hata kidogo. Adán alikuwa na midomo iliyotamka maneno yaleyale kwa urefu uleule, akaifuata. Katika Hellboy ya mwaka 2004 lilitokea jambo linalofanana: David Hyde Pierce aliingiza sauti ya kiumbe aliyechezwa na Jones, kisha akakataa jina lake kuandikwa kwenye filamu, kwa kuona kwamba mhusika ni wa Jones. Heshima ya namna hiyo ni adimu kwenye tasnia hii.

Namna nzuri ya kuipima kazi hiyo: itazame filamu mara ya kwanza kama kawaida. Mara ya pili, ukifika pale Ofelia anaposhuka ngazi za shimo na kukutana na fauni, zima sauti. Acha maandishi ya tafsiri, usiyasome. Utaelewa bado kwamba kiumbe huyu ni mzee, kwamba amefurahi kupita kiasi, kwamba kuna kitu anakificha. Mikono inasema: vidole virefu vinapepea karibu na uso wa mtoto lakini haviachi kujizuia. Del Toro alimtaka awe kama nyota wa muziki wa rock mwenye madoido, akamtajia Mick Jagger kuliko David Bowie, na ukishajua hilo utaiona kwenye nyonga.

Jambo jingine ambalo wengi hulipita: fauni anarudi ujana kadiri filamu inavyosonga. Mwanzoni ana ukungu machoni, viungo vinalia kama mbao kavu, mwili mzima unatetemeka. Kila anaporejea anakuwa ameimarika, na mwishoni amesimama wima, nywele zimekolea. Mabadiliko ya rangi na mpira ni kazi ya DDT. Mabadiliko ya mwendo ni ya Jones, na aliyagawa kwa vipimo vidogo sana hivi kwamba hofu inakujia kabla hujajua imetokea wapi. Mzee anayetetemeka unamwamini. Huyu wa mwisho, yuleyule, humwamini tena.

Kuhusu zimwi, kwa hakika ni dakika chache tu, lakini ndizo watu wanazokumbuka. Ngozi inaning'inia kama ya mtu aliyekuwa mnene akasinyaa, uso hauna macho. Macho yako kwenye sahani mezani, nalo linayapachika kwenye viganja vyake. Miguu yake myembamba ilifungwa mbele ya taiti ya kijani aliyovaa Jones, na Jones alikuwa akiona kupitia tundu za pua za kinyago. Hebu fikiria: matundu mawili madogo yanayotazama chini, kisha inua viganja mbele ya uso, uanze kumkimbiza mtoto kwenye korido ndefu. Kule kuyumba kwa zimwi, kule kutanguliza mikono kama linalopapasa, kuna ukweli mwingi wa mtu ambaye kweli haoni vizuri. Jones hakupigana na kasoro hiyo, aliigeuza kuwa tabia ya kiumbe. Ofelia amekula zabibu mbili tu alizokatazwa, na adhabu inaamka polepole, kidole baada ya kidole. Huo upole wa kuamka ndio unaotisha.

Kasoro zipo. Vile vichimbakazi vidogo vinavyoruka vilitengenezwa kwa kompyuta, na umri umeanza kuonekana; vikiwekwa karibu na mkono wa fauni, jicho linajua kipi kilikuwepo pale na kipi hakikuwepo. Filamu ilipata Oscar tatu mwaka 2007: upigaji picha, usanifu wa mandhari, na mekapu kwa Martí na Ribé. Zote ilistahili, ila hakuna tuzo inayomgusa aliyekuwa chini ya mekapu hiyo. Na wazazi wasidanganywe na neno ngano. Kuna mauaji ya chupa usoni na mateso yanayoonyeshwa wazi. Marekani iliwekewa daraja la R (aliye chini ya miaka 17 aende na mtu mzima) na Uingereza miaka 15. Si ya watoto.

Kwa anayetaka kujifunza, diski ya kununua ni ile ya Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa filamu teule kwenye diski, ya mwaka 2016. Ina picha iliyosimamiwa na del Toro, maelezo yake ya sauti filamu nzima, filamu fupi nne za mwaka 2007 kuhusu utengenezaji, na, la muhimu zaidi, mahojiano na Jones mwenyewe. Anza na mahojiano hayo. Filamu fupi zina picha nzuri za karakana, ingawa zinamsikiliza mwongozaji zaidi ya mwigizaji. Maandishi ya Kiingereza aliyaandika del Toro mwenyewe, na yanasomeka vizuri. Ya Kiswahili hayapo.

Angalizo kwa wanunuzi wa Afrika Mashariki: Blu-ray ya Criterion ya Marekani ni ya kanda A, na mashine zinazouzwa kwa ajili ya Afrika ni za kanda B, hivyo diski itakataa kusoma isipokuwa mashine yako inapokea kanda zote. Uliza kabla ya kulipia usafirishaji. Toleo la 4K halina kizuizi cha kanda, lakini linahitaji mashine ya 4K. Ya Blu-ray ya kawaida haitalisoma. Na kabla hujabonyeza kucheza, hakikisha umechagua sauti ya Kihispania, maana midomo ya fauni ilifundishwa lugha hiyo.