Nywele za uzi: uzoefu wangu baada ya kuachana na rasta

Niseme mapema: anayesubiri jina la mafuta ya kukuza nywele atasubiri sana. Nilichokuja kukisifia ni uzi mweusi wa kusukia, ule unaouzwa kwa bei ya chini kabisa kwenye maduka ya vipodozi, pamoja na mama mmoja anayenisuka barazani kwake huku Temeke. Ni zaidi ya mwaka sasa nasuka uzi karibu muda wote. Nywele zangu zilikuwa hazipiti masikio, leo nikizivuta zinakaa begani.

Uzi wenyewe haukuzi chochote, na hapo ndipo wengi tunapodanganyana. Nywele inaota kutoka kwenye shina lililo chini ya ngozi, wastani wa sentimita moja hivi kwa mwezi, na zetu za kipilipili huwa nyuma kidogo ya hapo. Kipande kinachoonekana nje hakina uhai, ukipake asali au maji ya mchele. Kwa hiyo kama urefu ni uleule Idi hadi Idi, nywele hazijagoma kukua. Zinakatika kwenye ncha kwa kasi ileile zinayootea kichwani. Na nywele ya kipilipili inakatika kirahisi kwa sababu imejikunja: mafuta ya asili ya ngozi hayashuki mpaka mwisho, na kila kona ya mkunjo ni sehemu dhaifu. Ncha ndiyo imekaa kichwani muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote, imeshapigwa jua, chanuo na foronya ya pamba. Ukiilinda ncha, urefu utauona wenyewe.

Sasa uzi unavyosaidia. Mama anataka nije nimeshaosha na kuzichambua kwa vidole, kuanzia nchani kwenda juu, zikiwa na kondishena. Ukimletea nywele zilizosokotana anakurudisha nyumbani bila aibu. Anazinyunyizia maji kidogo tu, anapaka mafuta ya nazi, anagawa mafungu, kisha anaanza kuzungusha uzi kutoka kwenye shina mpaka mwisho na kufunga fundo. Nywele yenye unyevu hulegea, na ikikaukia hali imenyooshwa inabaki imenyooka. Ukifumua baada ya wiki mbili unapata nywele ndefu, laini, bila pasi wala draya. Muda wote huo ncha imefichwa ndani ya uzi, haisuguliwi na kitu. Wayoruba wa Nigeria nao wanasuka hivyohivyo, wenyewe wanaita irun kiko, kwa hiyo dada anayekwambia huo ni ushamba wa bibi zetu wa Kiswahili mwambie ushamba huo umefika mbali.

Kuhusu mafuta ya nazi, kuna utafiti wa mwaka 2003 uliolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale yanayotokana na petroli. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza vizuri upotevu wa protini kwenye nywele, kwa sababu yanapenya ndani badala ya kukaa juu. Watafiti walikuwa wa Marico ya India, kampuni ambayo yenyewe inauza mafuta ya nazi, basi uyapokee kwa akili yako. Kwangu yanafanya kazi nikiyapaka usiku kabla ya kuosha. Nikiyamwaga kila siku kichwa kinanata vumbi la Mbagala lote.

Kilichonifanya nimpende huyu mama zaidi ya saluni ni mkono wake. Siku moja nilimwomba akaze kidogo ili zikae muda mrefu. Akanijibu, "Mwanangu, mimi nasuka nywele, sisuki ngozi." Ukweli ni kwamba msuko unaouma mpaka unameza panadol, ukaota na vipele pembeni, unang'oa nywele taratibu, na ukiendelea hivyo miaka mashina ya kwenye paji yanakufa kabisa. Hapo hakuna mafuta yatakayozirudisha. Tazama tu mapaji ya wanawake wengi wa makamo waliovaa rasta nzito tangu usichana. Na wengi wetu tuliosoma shule za serikali tulinyoa mpaka kidato cha nne, tukatoka pale moja kwa moja kwenye dawa za kulainisha nywele na rasta. Hatukupata hata nafasi ya kuzijua nywele zetu zikoje.

Kero zipo, tena si ndogo. Mwonekano kwanza: mabutu ya uzi yanasimama kama miba, na ofisini niliulizwa kama nimefiwa. Siku hizi mama ananiunganishia ncha nyuma kwa mtindo, au navaa kilemba. Kulala siku ya kwanza ni shida. Mvua ikikunyeshea, nywele zilizo ndani ya uzi zinachelewa kukauka na zinatoa harufu. Kufumua nako kunataka subira. Wapo wasusi wanaokata uzi kwa wembe ili wamalize haraka, na wembe haujui uzi ni upi na nywele ni ipi. Mimi nafumua mwenyewe nyumbani, nazungusha kinyume.

Gharama ni elfu tano kwa mama, uzi najinunulia. Rasta za kawaida ukijumlisha na nywele za bandia zinakula mara kadhaa ya hapo.

Vitu vingine ninavyofanya ni vichache: kofia ya satini usiku, kuosha ngozi ya kichwa kila ninapofumua, na kupunguza ncha zilizopasuka. Biotini, ile vitamini inayosifiwa kwa nywele, nilimeza chupa nzima, sikuona tofauti. Kwa anayekula vizuri sioni sababu ya kuinunua.

Uzi hautamsaidia kila mtu. Kama ngozi ya kichwa ina mapunye, hayo ni maambukizi, yanataka dawa ya hospitali, na kuyafunika kwa msuko ni kuyapa nafasi. Kama umejifungua miezi mitatu iliyopita na nywele zinatoka kwa mafungu, usihangaike kununua chochote. Kwa wengi hilo hutulia lenyewe kabla mtoto hajafikisha mwaka. Kama zinanyonyoka kwa viraka au unachoka kupita kiasi, pima damu na tezi ya shingoni kwanza. Na kama nywele zako zina dawa, mwambie msusi mapema, maana sehemu inapokutana nywele mpya na yenye dawa ndiyo inayokatika kuliko zote, asiivute.

Nampa mama nyota tano, uzi wenyewe nne kwa sababu ya usingizi. Mkienda kununua, chukueni ule laini unaoteleza mkononi. Ule wenye manyoya manyoya unang'ang'ania nywele, na wakati wa kufumua utaondoka nazo.